Kura ya Mama na Bahasha Mbili

Mwaka ule wa uchaguzi mkubwa wa Marekani, dada yangu wa Buffalo alishika mimba bila kuangalia kalenda. Daktari alipopiga hesabu akasema mtoto atakuja mwisho wa mwezi wa kumi. Uchaguzi ulikuwa Jumanne ya mwanzo mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Sasa kwetu Warundi binti akijifungua, mama yake anahamia kwake. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anafukuza wageni wanaokaa mpaka wanaota mizizi kwenye kochi. Hakai siku mbili akaaga. Anakaa mpaka binti aanze kunenepa mashavu.

Na mama yetu alikuwa Louisville, siku nzima ya gari kutoka Buffalo. Ndiyo kwanza ameapa uraia, na alishalitangazia kanisa zima kwamba Jumanne ile atakwenda kupiga kura amevaa kitenge kipya.

"Mwambie dada yako asubiri," akaniambia kwenye simu.

"Asubiri nini, mama?"

"Asubiri mpaka Jumatano."

Mimi niko Columbus, katikati yao. Mama kule, dada huku, na mimi njiani kama kituo cha mafuta: kila mtu wa familia anapita kwangu, anajaza tumbo, anaondoka na chaja ya simu yangu. Kwa hiyo ugomvi wowote wa mama na dada lazima upitie kwangu kwanza, ukapate hewa.

Nikamwambia, "Mama, kura moja ni kama kuchota chumvi kidogo ukatupa ziwani. Nenda ukamwone mjukuu."

"Wewe supu ikikosa chumvi unapiga kelele nyumba nzima," akasema. "Usinifundishe chumvi."

Lazima nieleze kura ilikuwa nini kwa mama. Alizaliwa Burundi, akakimbia akiwa msichana, akazeekea kambini Kigoma, Tanzania. Huko kote hakuna serikali iliyowahi kumuuliza anataka nini. Mara moja tu walipewa nafasi ya kuchagua kiongozi wa mtaa wetu pale kambini. Lakini ile haikuwa kura ya karatasi. Wagombea walisimama uwanjani, na ukimtaka mtu unakwenda kupanga mstari nyuma yake. Mama akapanga nyuma ya mama mmoja mkunga. Mstari wa mkunga ulikuwa mfupi kama foleni ya kuungama dhambi hadharani. Mkunga akashindwa. Aliyeshinda alikuwa na macho mazuri sana, aliwakumbuka wote waliompa mgongo. Yalipokuja maturubai ya kuezekea, sisi tulipata la mwisho, lenye tundu, na mvua ilishaanza. Mimi nilikuwa mdogo, nililala na sufuria kifuani inakinga maji. Nilifikiri ni mchezo. Mama hakufikiri ni mchezo.

Kwa hiyo kilichomvutia kwenye kura ya Marekani si hotuba za televisheni. Ni neno moja aliloambiwa kwenye darasa la uraia: siri. Unaingia mahali umejificha, unachagua, unatoka, na hakuna mtu duniani anayejua. Alirudia lile neno wiki nzima kama mtu aliyepewa jina la dawa.

Ndipo nikamwambia kuna njia ya kupiga kura ukiwa mbali. Mimi nilikuwa naijua kwa sababu ya kazi. Ghalani kwetu Columbus, miezi ile ya kuelekea sikukuu, ovataimu si ombi. Unaingia giza, unatoka giza, na siku ya uchaguzi supavaiza anakuwa na uso ule wa "nenda tu, lakini nitakukumbuka". Sasa Ohio, jimbo letu la Columbus, hawakuulizi kwa nini. Unaomba karatasi ya kura, inakuja kwa posta, unakaa jikoni na chai yako unajaza. Halafu kuna uzuri mwingine watu hawausemi. Karatasi ile ina majina mengi kuliko ya wale wakubwa wawili. Kuna mahakimu, kuna bodi ya shule, kuna mtu wa kupima maiti. Ukiwa kituoni, nyuma kuna foleni inakohoa, unamchagua hakimu kwa jina lake kuwa tamu. Ukiwa jikoni unamtafuta kwenye simu mmoja mmoja, unajua huyu ni nani na alifanya nini. Mimi mwalimu wangu wa darasa la saba hakunitegemea kwa lolote, lakini kwa mahakimu wa pale nilikuwa mtaalamu kwa wiki mbili nzima.

Kentucky, jimbo la mama, wao wanataka sababu. Tukapiga simu watu watatu, mimi, mama na dada mmoja wa ofisi ya uchaguzi ya kule kwao.

"Sababu ya kutokuwepo?" yule dada akauliza.

Nikamtafsiria mama. Mama akaanza na ndoa ya binti yake, akaja kwenye mimba ya kwanza iliyotoka, akapita kwenye mguu uliovimba, akafika kwenye shemeji asiyejua kupika uji. Mimi natafsiri, jasho linanitoka. Yule dada akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mama, 'nitakuwa nje ya kaunti' inatosha."

Karatasi ikaja Louisville. Mimi nikachukua likizo yangu yote iliyobaki, nikaenda kumchukua mama. Njia nzima kura yake ilikaa ndani ya mkoba, mkoba umekaa mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Tuliposimama kununua maji akauchukua mpaka chooni.

Tukalala kwangu Columbus. Asubuhi nikaona nitumie nafasi nimfundishe kwa vitendo. Nikatandaza kura yangu mezani. "Njoo uone mama, hivi ndivyo inavyojazwa."

Mama akageukia ukuta. "Funika kura yako. Huna aibu?"

"Mimi mwanao."

"Hata baba yako alikuwa anafunga mlango akioga."

Akakaa vile vile, uso ukutani, mpaka nilipomaliza, nikasaini, nikafunga, nikaitia kwenye sanduku la posta la nje. Kwa hiyo hakuona lile jambo moja ambalo alihitaji kuliona.

Buffalo, dada anakaa upande wa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zikipita unanyamaza katikati ya neno, unamaliza zikishapita. Mtoto alikuja siku mbili baada ya sisi kufika. Wa kiume, mweusi mzuri, na sauti ya kuuza samaki. Mama akachukua uongozi wa nyumba saa ile ile. Shemeji yangu, Mkongo wa Kivu anayefanya kazi kiwandani Lackawanna, aligeuka mgeni kwake mwenyewe. Alikuwa anaomba ruhusa ya kufungua friji.

Siku iliyofuata baada ya kumwogesha mtoto, mama akatufukuza wote jikoni. Akapanga viti viwili, akatundika kitenge juu yake, akaingia na karatasi, na miwani, na kalamu tatu ikiwa mbili zitakufa. Tukakaa sebuleni. Kila baada ya muda sauti inatoka ndani ya kitenge.

"Hawa wa bodi ya shule, yupi ana watoto?"

Natafuta kwenye simu, namsomea wote.

"Yule wa pili, alifundisha wapi?"

Namsomea. Nikaona nimepata upenyo. "Umempenda huyo, eh?"

"Nimekuuliza alifundisha wapi. Sijakuuliza posa."

Maharage yaliyokuwa jikoni yakaungua, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kuyaokoa. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kubatizwa. Mkononi bahasha ya ndani, ameshaifunga, imeingia kwenye ya nje. Akanipa niangalie kama stempu zinatosha.

Nikageuza. Pale pa kusaini, peupe. Nikachungulia ya ndani, kwenye ule ulimi wake, napo peupe.

"Mama, hujasaini."

"Sijasahau," akasema.

"Inatakiwa usaini. Huku na huku."

"Mara mbili? Ndoa nilisaini mara moja." Akaichukua bahasha. "Hebu niambie wewe mjuaji. Kura ni siri?"

"Ni siri."

"Sasa siri gani inaandikwa jina la mwenyewe juu yake?"

Nikafungua mdomo. Ndege ikapita.

Ilipokwisha kupita nikamsomea maelekezo: bahasha isiyo na saini haihesabiwi. Akasema basi, hao ndio wale wale. Kambini walikuangalia kwa macho, hapa wanakusomea jina kwenye bahasha, tofauti ni karatasi tu. Wakifungua wataona jina lake huku na duara alilojaza huku, watajua. Na yeye alikuwa amepata nyumba Louisville isiyovuja. Aliyasema haya bila kupandisha sauti, anakunja nepi. Dada akajaribu kwa upole, akashindwa. Shemeji naye akajaribu.

"Mama mukwe, huku haiko kama kule kwetu. Donc, usiogope. Tia tu saini."

"Wewe umeshapiga?"

"Miye sijapata bado uraia."

"Basi kaa kimya, baba, huna mstari."

Siku zikawa zinakwenda. Bahasha ilitakiwa ifike Kentucky kabla ya vituo kufungwa Jumanne ile, kuchelewa ni sawa na kutopiga. Ikawa inakaa juu ya friji, imefungwa ya ndani, imeachwa wazi ya nje. Mama anapita anaiangalia kama mtu anayemwangalia mchumba aliyemgundua kuwa ana mke. Nilimjua. Ingebaki pale mpaka ipitwe na tarehe, na yeye angesema ameridhika, na asingepiga kura tena mpaka anazikwa.

Wakati huo huo kulikuwa na vita nyingine ndani ya nyumba, ya jina la mtoto. Mama alitaka jina la marehemu baba yetu. Shemeji alitaka la mchezaji mpira mmoja, jina refu lenye herufi ambazo Kiswahili hakijawahi kuzihitaji. Karatasi ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa inasubiri, na kila jioni tulikula tukiwa kambi mbili. Dada yake mkubwa shemeji, tunamwita Yaya, alikuwa anakuja kutoka Lackawanna na sombe yake, kisamvu cha Kikongo, anaweka sufuria mezani na kutangaza, "Damu ni damu. Mutoto ni wetu, jina atatoa baba yake." Dada yangu alikuwa anasema, "Mimi niko na mume wangu," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la wengine.

Jumatano ya kabla ya uchaguzi, Yaya akiwa pale, nikasema: "Tupige kura."

Shemeji akahesabu kichwani, nikaona midomo inatembea. Yeye, Yaya, mke wake. Upande wetu mama na mimi. Akanyoosha miguu. "Bon. Tupige. Miye naheshimu demokrasia."

Nikakata karatasi tano sawa sawa. Kila moja nikachora maduara mawili, moja pembeni yake mpira, la pili kofia, maana baba alikuwa hatoki bila kofia. Kalamu moja kwa wote. Kila mtu anaingia nyuma ya kitenge, anajaza duara moja, anafunga karatasi yake ndani ya foili ya jikoni, halafu anaizungushia kipande cha mfuko wa dukani, na juu ya ule mfuko anasaini jina lake.

Mama akasaini bila neno. Hapa ni nyumbani, na aliyekuwa anagombea ni marehemu mume wake, alikuwa hana cha kumficha mtu.

Nikamkalisha yeye mezani na sufuria. "Wewe ndiye ofisi," nikamwambia. "Soma majina."

Akasoma moja moja, kwa ukali, kama mtu wa ofisi kweli. "Huyu yupo? Ni wa nyumba hii? Ameshapiga mara nyingine?" Akamkazia macho shemeji: "Hii saini yako au ya mtu mwingine?"

"Yangu, mama mukwe."

"Inafanana na kuku aliyekimbia."

Kila aliyekubaliwa, mama anachana mfuko wenye jina anautupa sakafuni, foili inaingia kwenye sufuria. Zilipokuwa zote tano mle ndani, nikampa mwiko. Akazikoroga kama anasonga ugali. Halafu akafungua.

Mpira. Kofia. Kofia. Mpira. Ya mwisho akaifungua polepole, akaigeuza tuione. Kofia.

Shemeji akasimama. "Attendez. Tatu? Wapi tatu?" Akamgeukia mke wake. "Ni weye?"

"Kura ni siri, baba," dada akasema, anamrekebisha mtoto ziwa.

Akamgeukia Yaya. Yaya alikuwa anaangalia dari, anatafuta buibui. "Usiniangalie miye. Damu ni damu, nilisema."

"Ulisema. Lakini ulijaza je?"

"Niliulizwa kusema ao niliulizwa kujaza?"

Halafu akaniangalia mimi, na mimi nikamrudishia uso wangu mzuri wa kanisani. Maana hata mimi, mnanihesabu upande wa mama, lakini mnajua nilijaza wapi? Lile jina la mchezaji lilikuwa na raha yake. Labda wasaliti walikuwa watatu na mimi mmoja wao. Shemeji akafikia hapo hapo ilipofika akili yangu, akakaa chini, akashika kichwa. "Hata labda ni miye mwenyewe nilikosea duara," akasema, na dada akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa akalia.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama, anaokota vipande vya mfuko sakafuni, vyenye majina. Akavipanga mezani. Akapanga na zile karatasi tano chini yake. Akachukua saini ya shemeji akaisogeza kwenye mpira mmoja, akaitoa. Akachukua ya Yaya, akaipeleka huku, akaipeleka kule. Akaishia kushika ya kwake mwenyewe na kofia zote tatu.

"Ya kwangu ni ipi?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye ulichora."

"Nilichora. Sijui."

Akazigeuza zile kofia nyuma na mbele, akazinusa, sijui alitarajia harufu gani. Halafu akainua kichwa, akamwangalia shemeji, mwanamume mzima aliyekuwa anazunguka meza anataka kujua nani amemgeuka, yuko nyumbani kwake, na watu wote watano anawajua, na hawezi. Mama alimwangalia muda mrefu. Nadhani alikuwa anamwona mtu mwingine, kiongozi wa mtaa mwenye macho mazuri, amesimama mbele ya maturubai na hajui ampe nani lenye tundu.

"Nipe kalamu," akasema.

Akaenda mwenyewe kwenye friji. Akasaini kwenye ulimi wa bahasha ya ndani, ule wanaouchana kabla ya kufungua, polepole, ile saini yake ya siku ya kuapa yenye mkia mrefu. Akaipuliza ikauke. Akasaini ya nje, akaifunga, akaikandamiza kwa mwiko.

Asubuhi shemeji ndiye aliyetupeleka posta, pale pale Cheektowaga. Nje kuna masanduku, lakini mama alikataa, akataka dirishani. Akamkabidhi yule baba wa posta kwa mikono miwili, akanituma nimwambie agonge muhuri wa tarehe tukiona. Akagonga. Mama akabaki amesimama, foleni nyuma yake inahema, mpaka lile beseni la barua lilipobebwa kwenda ndani. Hakujali foleni. Kwenye gari shemeji akaanza tena, kwa sauti ndogo.

"Mama mukwe, weye ndiye ulifungua. Niambie tu, ni Yaya?"

"Mwanangu," mama akamwambia, na mara ya kwanza nikasikia amemwita hivyo, "hata aliyefungua hajui. Endesha."

Mimi nikarudi Columbus, kwenye maboksi yangu. Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chakula, nikaenda kusimama karibu na mashine ya soda ambako simu inashika vizuri, tukapiga tena watu watatu, mimi, mama na ile ofisi ya Louisville. Sijui kama ni dada yule yule, ila upole ulikuwa ule ule. Akaomba jina na tarehe ya kuzaliwa. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Kule Buffalo nilisikia shemeji anazima televisheni.

"Imefika," akasema. "Saini ziko sawa. Itahesabiwa kesho."

Nikamtafsiria mama.

"Mama, umesikia? Imefika."

"Nimesikia. Muulize kama anajua nimempigia nani."

"Mama, huyo mtu ana kazi."

"Muulize."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha ghalani, na nikaomba samahani kabla na baada. Yule dada akacheka kidogo, si vibaya. Akasema hapana, hajui. Akasema mkubwa wake hajui, na hata wote wa ofisi wakitaka kujua hawawezi, jina linabaki huku na kura inakwenda kule.

Nilianza kutafsiri, mama akanikatiza. "Usinitafsirie. Nataka aseme yeye tena."

Yule dada akarudia, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kiingereza chake ni cha kukunja mataulo ya hoteli na kusalimia, sijui alishika kiasi gani. Lakini alimjibu mwenyewe, "Tenkyu, my daughter," akakata simu bila kuniaga mimi, kama mtu aliyemaliza shughuli yake na serikali. Nikabaki mimi na yule dada kwenye laini, namwomba samahani mara ya tatu, mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia.